UZI: Jina ni moja, picha ukutani ni moja, kwa nini chipsi na kuku vinabadilika ukivuka mpaka?

#1 Himbi_Jikoni (Goma)
Jambo yenu wakubwa na wadogo.

Kampuni kubwa za chakula cha haraka zinajisifu kwamba resepi zao ni zile zile dunia nzima. McDonald's ina matawi zaidi ya 40,000 katika nchi zaidi ya 100, KFC imepita 30,000. Lakini wafanyabiashara wetu wanaokwenda Nairobi, Lusaka, Johannesburg na Brussels wanarudi na maneno yasiyofanana. Huku chipsi ni kavu, kule zinalegea mkononi. Huku chumvi inauma, kule huisikii. Nchi moja ina wali, nyingine haina.

Dai langu: tofauti hizi hazitoki kwenye ulimi wa mteja. Zinatoka kwenye kiazi, kwenye kuku na kwenye baridi ya gari linalovileta. Mwenye hoja nyingine aimwage hapa.

#2 Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Jambo mukubwa. Napinga mapema. Kama njo kiazi tu, eleza India. McDonald's ilifungua huko 1996 bila nyama ya ng'ombe wala nguruwe. Baga yao kubwa waliiita Maharaja Mac, kwanza ya kondoo, baadaye ya kuku. Kuna nyingine ya kiazi na njegere, McAloo Tikki. Jikoni wamegawa pande mbili, mpishi wa mboga hagusi vyombo vya upande wa nyama, na hata mayonezi ni ya bila yai. Hiyo ni dini na mila, kiazi hakihusiki.

#3 Nyawera_22 (Bukavu)
Kweli, India hawauzi nyama kabisa. Ni mboga tupu.

#4 Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Hapana yaya, soma tena. Kuku na samaki wanauza. Ng'ombe na nguruwe ndio hawapo.

#5 Mama_Frigo (Goma)
Namuunga mkono Katuba. Moroko, ambako McDonald's iko tangu 1992, mwezi wa Ramadhani inatoa sahani ya kufuturu yenye supu ya harira na tende. Misri walijaribu baga ya falafeli mwaka 2001. Japani kuna baga ya teriyaki tangu 1989. Ujerumani waliweka hata bia. Mtu akila mahali ambapo baba yake alikula, kampuni inamfuata, si yeye anayeifuata kampuni.

#6 Himbi_Jikoni (Goma)
Asante #2 na #5, lakini mmejibu swali la pembeni. Dini inaeleza kitu gani hakipo kwenye menyu. Mimi nauliza kwa nini kitu kile kile, chipsi ile ile, hakifanani.

Mfano: chipsi za McDonald's Uingereza ni viazi, mafuta, sukari kidogo aina ya dekstrosi, na chumvi mezani. Za Marekani zina pia kiungo cha ladha ya ng'ombe. Kwa nini? Zamani Marekani walikaangia shahamu ya ng'ombe. Mwaka 1990 wakahamia mafuta ya mimea kwa hofu ya kolesteroli, ladha ikapotea, wakaitafutia mlango mwingine. Wahindu na wasiokula nyama walienda mahakamani, na 2002 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 10. Tofauti hiyo ilianzia kwenye mafuta, yaani kwenye bidhaa.

#7 Kadutu_Soko (Bukavu)
Mukubwa Himbi, kwa mfano huo huo umejifunga. Wahindu kwenda mahakamani, hiyo si dini?

#8 Himbi_Jikoni (Goma)
Hapo umenikamata, nakubali nusu.

#9 Sheria_na_Sahani (Lubumbashi)
Wote mnazunguka. Jibu ni serikali.

Mwaka 2012 watafiti walitoa ulinganisho wa chumvi ya vyakula vya kampuni sita, zikiwemo KFC, McDonald's, Burger King na Subway, katika nchi sita: Australia, Kanada, Ufaransa, New Zealand, Uingereza na Marekani. Vipande vya kuku vya McDonald's Uingereza vilikuwa na gramu 0.6 za chumvi kwa kila gramu 100. Marekani, gramu 1.6. Jina moja, umbo moja, chumvi karibu mara tatu. Uingereza serikali ilikuwa imeweka malengo ya kupunguza chumvi na kuyafuatilia. Kwa hiyo wakisema chumvi haipungui kwa sababu za kiufundi, jibuni kwamba imeshapungua kwingine.

Ayalandi: mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilisema mkate wa Subway si mkate kwa maana ya sheria ya kodi, maana sukari yake ilikuwa 10% ya uzito wa unga, na sheria inaruhusu 2%. Ufaransa tangu 2017 hairuhusiwi kumjazia mteja soda tamu bure bila kikomo, na tangu 2023 anayekula ndani ya restora yenye viti 20 au zaidi anapewa vyombo vya kuosha, si vya kutupa. Jirani zetu Afrika Kusini wameweka viwango vya lazima vya chumvi kwenye mkate, soseji na vingine tangu 2016.

Kampuni haipunguzi kitu kwa huruma. Inapunguza inapobanwa.

#10 Nyawera_22 (Bukavu)
#9 umesema vizuri. Huku kwetu nani anapima chumvi?

#11 Kipimajoto (Goma)
Sheria inaeleza chumvi na sukari. Haielezi ukavu wa chipsi. Wacha nieleze kiazi, maana hapo mukubwa Himbi ana haki, ila hajaingia ndani.

Kiazi kina maji, wanga na sukari kidogo. Kiazi cha kukaanga kinatakiwa kiwe na vitu vikavu angalau 20% ya uzito wake. Kikiwa chini ya hapo, maji mengi yanatoka kwenye mafuta, nafasi iliyoachwa na maji inanywa mafuta, chipsi inatoka imelegea na inang'aa. Hiyo ndiyo "friti (chipsi) yenye kulia" ambayo kila mtu hapa anaijua.

Kasoro ya pili ni sukari. Kiazi kikikaa kwenye baridi chini ya nyuzi 6 au 7, wanga wake unageuka sukari. Ukikikaanga, kinakuwa cha kahawia iliyoiva sana nje kabla ndani hakijaiva, na ladha inakuwa chungu. Ndiyo sababu usiweke viazi vibichi vya chipsi kwenye frigo. Nyuzi 8 hadi 10, giza, hewa inapita, basi.

Kiwandani wanafanya hivi: wanachagua aina ya kiazi, kwa mfano Russet Burbank au Shepody ambavyo ni virefu na vikavu. Wanakata, wanapitisha kwenye maji ya moto ili sukari ya juu itoke, wanarudisha dekstrosi kidogo kwa kipimo ili rangi ya chipsi zote ifanane, wanaweka dawa ya kuzuia weusi, wanakausha, wanakaanga kidogo, wanagandisha. Tawini ni kutoa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri na kutumbukiza moja kwa moja kwenye mafuta ya nyuzi kama 168 kwa dakika kama 3. Mfanyakazi hapiki. Anamalizia tu upishi ulioanza mamia ya kilomita kutoka hapo.

Kwa hiyo nchi isiyo na kiazi hicho wala kiwanda hicho italeta chipsi kwa meli, na meli ikichelewa inakosa.

#12 Himbi_Jikoni (Goma)
Asante Kipimajoto! Na ushahidi wa meli upo. Januari 2022 KFC Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu mzigo ulichelewa baharini, wakati viazi vilikuwa vimejaa Nyandarua. Watu walikasirika mno. Jibu la kampuni lilikuwa kwamba msambazaji lazima apite ukaguzi wa ubora wa kimataifa kwanza. Miezi ile ile McDonald's Japani ilikuwa inauza chipsi za kipimo kidogo tu, kwa sababu ya mafuriko karibu na bandari ya Vancouver. Mwaka 2014 ilipatwa na shida kama hiyo kwa mvutano wa wafanyakazi wa bandari za magharibi ya Marekani, ikaleta tani 1,000 kwa ndege.

Tani elfu moja za viazi kwa ndege! Kama ladha ya wenyeji ndiyo inayoongoza, si wangeuza wali tu wiki hizo?

#13 Mama_Frigo (Goma)
Ongeza Urusi. McDonald's ilipofungua Moskva, uwanja wa Pushkin, tarehe 31 Januari 1990, siku ya kwanza walihudumia watu zaidi ya 30,000. Kabla ya hapo walilazimika kujenga kiwanda chao wenyewe pembeni ya mji, cha nyama, mikate, maziwa na viazi, kwa sababu hakukuwa na wa kuwauzia kwa kipimo wanachotaka. Kampuni ilipoondoka 2022, waliorithi matawi wakayaita Vkusno i tochka, na mwaka huo huo wakaishiwa chipsi kwa miezi, mavuno ya viazi yalikuwa mabaya.

#14 Msafiri_Kasumba (Lubumbashi)
Sasa nyie watu wa Kivu mnajivunia viazi, sawa, mna Masisi na Lubero. Sisi mu Lushi bukari (ugali) njo chakula. Friti ni kitafunio.

#15 Kadutu_Soko (Bukavu)
Karibu Bukavu ule bukari na sambaza (samaki wadogo wa ziwani), papa, utaona kitafunio ni nini.

#16 Kiazi_cha_Kinigi (Goma)
Turudi kwenye mada. Kipimajoto ametaja aina za Ulaya na Marekani. Kiazi kinachoingia Goma kutoka upande wa Musanze, kile cha Kinigi, kina unga mwingi na kinakaangika vizuri sana. Shida yake si ladha. Ni umbo. Ni cha mviringo na macho yake yameingia ndani. Ukikata vijiti vya milimita 7, kiazi cha mviringo kinakupa vifupi vingi na taka nyingi, na jicho lililoingia linabaki doa jeusi. Kampuni inauza urefu, maana chipsi ndefu inajaza pakiti kwa uzito mdogo.

Kenya kiazi cha sokoni ni Shangi. Kinazaa haraka, kinapikika haraka, lakini usingizi wake ni mfupi, yaani kinaota mapema baada ya kuvunwa. Kiwanda kinachotaka kuhifadhi miezi sita hakikipendi. Kwa hiyo mkulima hakukosea na mpishi hakukosea. Kila mmoja anachagua kiazi kwa kazi yake.

India walichukua njia nyingine: McCain walikaa na wakulima wa Gujarat kupanda aina zinazofaa, ikachukua miaka. Kwa hiyo mpaka unaweza kuvukwa, ila unavukwa shambani kwanza.

#17 Nyawera_22 (Bukavu)
Kuna njia ya kujua kiazi kabla ya kununua gunia zima? Tunanunua kwa macho tu.

#18 Kiazi_cha_Kinigi (Goma)
Iko. Chumvi kikombe 1, maji vikombe 11, koroga mpaka ichanganyike. Tumbukiza kiazi. Cha unga kinazama, cha maji kinaelea. Omba viazi vitano kutoka sehemu tofauti za gunia, si vya juu tu, maana vya juu vimepangwa.

#19 Shariji_Umeme (Bukavu)
Hakuna aliyegusa umeme. Chipsi zilizogandishwa zinataka baridi isiyokatika kuanzia bandarini. Zikiyeyuka nusu na kuganda tena, maji yaliyomo yanafanya mabonge ya barafu makubwa yanayopasua kiazi ndani. Kwa macho huoni. Unaona kwenye mafuta: zinashikana, zinatoa povu jingi, zinavunjika, zinanywa mafuta. Ukifungua kartoni ukakuta zimekuwa tofali moja, mzigo huo uliyeyuka njiani, urudishe.

Kongelateri (friza) iliyojaa na isiyofunguliwa inashika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Kwa hiyo kama umeme wako unakatika, ijaze hata kwa chupa za maji, na usiifungue kuangalia kama bado iko baridi. Kila ukifungua umepoteza.

Sasa hesabu lori kutoka Dar es Salaam au Durban mpaka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na foleni ya pale. Injini ya baridi inakula mazuti (dizeli) muda wote lori limesimama. Hizo gharama nani anazilipa? Mteja, au chakula kinabadilishwa.

#20 Msafiri_Kasumba (Lubumbashi)
Njo vile kabisa. Foleni ya Kasumba inaua mzigo wa baridi.

#21 Sheria_na_Sahani (Lubumbashi)
Hoja ya #19 ina mfano nje ya Afrika. Aisilandi, nchi tajiri, umeme wa kutosha. McDonald's ilifunga matawi yote Oktoba 2009. Pesa yao ilikuwa imeporomoka, na karibu kila kitu kilitoka Ujerumani, mpaka vitunguu. Mwenye leseni akafungua restora zake mwenyewe kwa bidhaa za hapo hapo. Baridi ilikuwepo. Kilichokosekana ni thamani ya pesa.

#22 Leseni_ya_Jina (Goma)
Hapo ndipo nilikuwa nasubiri. Mnasema "kampuni, kampuni" kana kwamba ni mtu mmoja. Karibu 95% ya matawi ya McDonald's yako mikononi mwa wenye franshizi, watu waliokodi jina. Marekani walikuwa wanalipa 4% ya mauzo, na kwa matawi mapya imekuwa 5% tangu 2024, pamoja na kodi ya jengo, maana mara nyingi jengo ni la kampuni. Huyo mkodi ndiye anayekaa na mteja, na ndiye anayebuni.

Big Mac haikutoka makao makuu. Ilibuniwa na mwenye franshizi wa Pennsylvania, Jim Delligatti, 1967, ikaenezwa Marekani yote 1968. Baga ya samaki, Filet-O-Fish, ilibuniwa 1962 na Lou Groen wa Cincinnati, kwa sababu wateja wake wengi walikuwa Wakatoliki na Ijumaa hawakula nyama. Bosi, Ray Kroc, alikuwa na wazo lake la kipande cha nanasi kwenye mkate. Wakashindanisha siku moja: samaki waliuzwa 350, nanasi 6.

Kwa hiyo sababu ya tofauti ni nani amekodi jina, na amepewa uhuru kiasi gani.

#23 Kadutu_Soko (Bukavu)
Huyo Groen angefaa sana Bukavu. Ijumaa ya Kwaresima hapa, sambaza zinapanda bei asubuhi na mapema.

#24 Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Leseni, Wakatoliki tena ni dini. Mnarudi kwangu kila mara, ndugu zangu.

#25 Kipimajoto (Goma)
Kuna sababu nyingine ambayo haijatajwa: mwinuko. Goma na Bukavu ziko kama mita 1,500 juu ya bahari, Lubumbashi kama 1,200. Maji yanachemka kwa nyuzi 95 hivi kwetu, si 100. Ndani ya chipsi na ndani ya kuku kuna maji, kwa hiyo ndani hapapiti joto hilo mpaka maji yaishe. Mafuta ukiyapandisha mpaka 180 kama kitabu cha Ulaya kinavyosema, nje kunaungua wakati ndani bado. Kanuni ni kushusha nyuzi kama 1.5 kwa kila mita 300. Kwetu ni nyuzi 7 au 8: badala ya 180, weka 172, ongeza dakika.

Kwa viazi vibichi vya hapa, vijiti vya milimita 10:

Osha mpaka maji yatoke safi bila ukungu wa wanga, kausha kwa kitambaa mpaka kitambaa kisilowe. Kiazi chenye maji kinashusha mafuta na kinarusha. Mkupuo wa kwanza nyuzi 150, dakika 6, vinatoka vimeiva bila rangi, ukibonyeza vinabonyea. Tandaza, visirundikane, viache vipoe angalau nusu saa. Mvuke unaotoka hapo ndio ungelegeza ganda. Mkupuo wa pili nyuzi 172, dakika 3. Usizidishe kilo 1 ya viazi kwa lita 10 za mafuta kwenye friteze (mashine ya kukaangia). Kosa la wengi ni kujaza kapu: mafuta yanashuka mpaka 130, viazi vinachemka kwenye mafuta badala ya kukaangika.

#26 Sheria_na_Sahani (Lubumbashi)
Kipimajoto, upishi nakubali, hoja sikubali. Johannesburg iko mita kama 1,750, Durban iko baharini. Nchi moja, menyu moja, na hakuna anayelalamika kwamba KFC ya Durban ni kitu kingine. Kama mwinuko ungekuwa na nguvu hiyo, tofauti ingeonekana ndani ya nchi moja, isingengoja mpaka.

#27 Kipimajoto (Goma)
Hoja nzuri. Lakini kuku wa KFC wa resepi ya asili anakaangwa kwenye chombo cha presha, na presha inafuta sehemu kubwa ya mwinuko. Chombo kikiongeza presha ya karibu bar 0.8 juu ya ile ya hewa, maji ndani ya nyama yanachemka kwa nyuzi kama 117 pwani na kama 114 Goma. Tofauti imebaki ndogo. Kwa mwenye karai la wazi mtaani Birere au Kadutu, tofauti ni nyuzi 5 nzima, na mpishi wake lazima aijue.

Tafadhali, mtu asijaribu kukaanga na mafuta kwenye sufuria ya presha ya nyumbani. Mpira na kizibo chake vimetengenezwa kwa maji. Mafuta ya nyuzi 170 yakitoka kwa presha, hakuna wa kumkimbilia.

#28 Kuku_wa_Ruashi (Lubumbashi)
Mmeongea viazi siku nzima, kuku je?

Mfumo wao unadai kuku wote walingane. Uingereza wanakata vipande 9: mabawa 2, miguu 2, mapaja 2, mbavu 2 na kidari 1. Kuku akizidi ukubwa, paja halijaiva kwenye mfupa wakati bawa limekauka, maana saa ya friteze ni moja kwa vyote. Kwa hiyo wanataka kuku wa siku 35 hadi 42, nyama laini.

Kuku wetu wa kienyeji wa miezi sita ana ladha mara tatu, lakini nyuzi za nyama zimekomaa. Ukimkaanga dakika 12 anakuwa mpira. Lazima achemshwe kwanza kwa moto mdogo na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka kisu kiingie kwenye kiungo cha paja, aachwe akauke kabisa, kisha mafuta ya moto dakika 4 au 5 kwa rangi tu. Ni upishi mwingine kabisa, na ndiyo sababu kampuni haiwezi kumtumia hata ikitaka.

Na chakula cha kuku kinabadili nyama. Mahindi ya njano yanatia mafuta rangi ya njano, mahindi meupe hayatii. Mahindi yetu ya Katanga na Zambia ni meupe. Kuku wa njano wa picha ukutani hatoki kwenye mahindi haya.

Mkasa wa Uingereza, Februari 2018: KFC walibadilisha msafirishaji, na mamia ya matawi yakafungwa kwa kukosa kuku. Kuku walikuwepo. Lori ndilo halikufika.

#29 Himbi_Jikoni (Goma)
Naona #28 yuko upande wangu!

#30 Leseni_ya_Jina (Goma)
Polepole, mukubwa. Msafirishaji walimchagua watu wa ofisini, si kuku.

#31 Nyawera_22 (Bukavu)
Na majina je? Australia Burger King inaitwa Hungry Jack's.

#32 Leseni_ya_Jina (Goma)
Ndiyo dada, kwa sababu jina lilikuwa limeshasajiliwa na restora nyingine kule, 1971 mwenye leseni, Jack Cowin, akaifungua kwa jina hilo lingine. Afrika Kusini McDonald's nusura ipoteze jina lake kabla haijafungua 1995, ikashinda mahakamani 1996. Ufaransa baga ya robo ya pauni inaitwa Royal Cheese, kwa kuwa Wafaransa wanapima kwa gramu na robo ya pauni haiwaambii kitu.

#33 Mama_Frigo (Goma)
Na wali? Hatujamjibu mwenye uzi. Indonesia na Malaysia KFC wanauza kuku na wali, Nigeria na Ghana wana jollof. Ufilipino McDonald's inauza tambi zenye mchuzi mtamu, kwa sababu Jollibee, kampuni ya wenyeji, ilikuwa inawashinda kwa chakula hicho hicho. Hapo si kiazi wala sheria. Ni kumwogopa jirani.

#34 Msafiri_Kasumba (Lubumbashi)
Kwa hiyo Lushi wakija, michopo ya mbuzi kando ya barabara njo itawafundisha kuweka bukari kwenye menyu.

#35 Himbi_Jikoni (Goma)
Bado nasimama kwenye kiazi, ila nimeongeza pesa (#21) na jirani (#33). Kiazi_cha_Kinigi, ile njia ya chumvi inasema ndiyo au hapana. Nataka namba, ili tulinganishe kiazi cha Masisi, cha Lubero na cha Kinigi hapa hapa kwenye uzi.

#36 Kiazi_cha_Kinigi (Goma)
Pima kilo 5 hewani, viazi vimeoshwa na kukauka. Viweke kwenye wavu, ning'iniza wavu kwenye mzani wa ndoano, zamisha wote ndani ya pipa la maji bila kugusa kuta, soma uzito, toa uzito wa wavu mtupu uliopimwa majini pia. Tuseme majini umepata gramu 370. Gawa 5 kwa 5 toa 0.37, yaani 5 kwa 4.63, unapata 1.080. Hiyo ni karibu 20% ya vitu vikavu, mpaka wa chini wa kiazi cha chipsi. Ukipata 1.065, chemsha tu. Mzani usome gramu 10 kwa 10, wa gramu 50 utakudanganya. Na maji yasiwe na tope.

#37 Kadutu_Soko (Bukavu)
Mzani wa ndoano upo Kadutu. Jumamosi viazi vya Lubero vikishuka sokoni napima magunia matatu, naleta namba hapa.

#38 Kuku_wa_Ruashi (Lubumbashi)
Andika pia vilivunwa lini, mama. Cha wiki moja na cha miezi miwili si kiazi kimoja.